GARI LA CHAMA NA DAFTARI LAKE

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika na makatibu wa vyama wanachama, Mzinga, Morogoro



Baadhi yenu mliniuliza mlangoni: Mkaguzi wa vitabu ana habari gani na magari? Swali hilo ni la haki. Kazi yangu ni leja, stakabadhi, hati za malipo na urari. Ufundi sikuusomea, elimu yangu ni ya kidato cha nne na kozi za ushirika nilizozipata kazini. Lakini katika miaka ya karibuni, kila nifikapo katika chama chenye lori au pikapu, hoja inayochelewesha mkutano si mbegu wala mbolea, bali ni gari. Ama gari limelala gereji mwezi mzima. Ama taa imewaka, na fundi anadai fedha za kifaa ambacho hakuna mjumbe aliyepata kukisikia. Ama ripoti iliyoletwa kwa simu inasema hivi na dereva anasema vile.

Nimechunguza nikaona kwamba matatizo hayo yote yana shina moja. Gari la leo si lile tulilolizoea. Gari la leo linapima, linakumbuka na linaandika. Na mengine huyapeleka maandishi hayo mbali kwa njia ya simu. Sasa, ndugu zangu, panapoandikwa jambo lihusulo mali ya chama, hapo pana daftari; na daftari la chama sharti liwe na mwenyewe, liwe na msomaji, na liwe na mkaguzi. Hilo ndilo neno langu la leo. Nitaeleza kwa ufupi jinsi gari lilivyobadilika, kisha nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa kulisoma daftari hilo vibaya, na mwisho nitapendekeza utaratibu ambao kila chama kinaweza kuufuata.

KUTOKA KABURETA HADI KOMPYUTA

Wazee mliopo hapa mnazikumbuka Land Rover na Bedford zilizokuwa zikipanda Mgeta kwa njia ya Mlali. Gari likigoma, fundi alifungua boneti, akasikiliza, akanusa, akachomoa plagi na kuitazama rangi yake. Ugonjwa ulionekana kwa macho. Petroli na hewa vilichanganywa na kabureta. Dizeli ilisukumwa na pampu ya nozeli. Ilikuwa kazi ya chuma kwa chuma.

Mabadiliko yalianza zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1967 mtambo wa Bosch, kampuni ya Ujerumani, ulianza kufungwa katika magari ya Volkswagen. Ndani yake kisanduku cha umeme ndicho kilichoamua petroli kiasi gani iingie katika injini. Mwaka 1986 kampuni hiyo hiyo ilitangaza njia ya kuviunganisha visanduku vya namna hiyo ndani ya gari moja ili vizungumze kwa jozi moja ya nyaya. Zamani kila swichi ilikuwa na waya wake hadi kwenye taa yake. Kwa njia hii mpya, habari za injini, breki na gia huchangia njia moja, kama vijito vya Uluguru vinavyokutana katika Mto Mzinga kabla ya kuingia Bwawa la Mindu. Faida yake ni kupunguza nyaya. Hasara yake ni kwamba waya mmoja ukikwanguliwa na panya, taa tano huwaka dashibodini kwa pamoja, na fundi asiyejua atawauzieni vifaa vitano.

Kwa upande wa malori, mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilileta mtambo mpya wa dizeli, uliofungwa kwanza katika malori ya Hino. Pampu husukuma dizeli kwenye bomba moja la pamoja kwa msukumo mkubwa mno, na nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lori la namna hii lina nguvu na halitoi moshi mwingi, lakini halivumilii dizeli ya kwenye dumu lenye maji na taka. Yule mwanachama aliyekuwa akichuja mafuta kwa kitambaa cha kanga alikuwa akiliponya Bedford. Lori la leo kitambaa hicho hakitaliokoa.

Jambo la mwisho katika historia hii fupi ni la manufaa kwetu. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani ilitaka kila gari dogo jipya liuzwalo huko liwe na tundu la aina moja, chini ya usukani, ambapo mashine ya kupimia huchomekwa, na liwe na lugha moja ya kutaja maradhi. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Kwa hiyo, fundi akichomeka mashine na ikaandika P0300, maana yake ni ile ile Morogoro na Chicago: injini inamisi. Malori makubwa yana matundu na lugha zake, lakini msingi ni huo huo: gari linajua linaumwa nini, au walau linajua maumivu yako upande gani.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, nayo huja na tabia za kwao. Ni nani hapa hajapanda gari ambalo likiwashwa tu husikika sauti ya mwanamke ikisema Kijapani? Wengi hudhani linasalimia. Hasha; linalalamika kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijaingizwa, maana Japani tangu mwaka 2001 magari yamekuwa yakilipa ushuru wa barabara kuu kwa mitambo, pasipo kusimama. Ramani yake humwonyesha dereva mitaa ya Japani hata akiwa Sangasanga. Redio yake huanzia namba 76, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, hivyo vingi haivishiki. Haya ni mambo ya kuchekesha, lakini yana funzo: mtambo hufuata ulivyoagizwa huko ulikotoka, mpaka atokee mtu wa kuuagiza upya. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia katika kisa changu.

TAA YA DASHIBODI SI PAMBO

Kuhusu matunzo nitasema machache, maana mafundi ni hodari kuliko mimi.

Taa yenye picha ya injini ikiwaka bila kupepesa, gari liende kwa fundi siku za karibuni. Ikiwaka huku ikipepesa, dereva apunguze mwendo na asimame pale penye usalama, maana injini inamisi kiasi cha kujidhuru. Nimekuta gari la chama ambalo taa hiyo ilibandikwa utepe mweusi ili isimsumbue dereva. Ni sawasawa na katibu kulibandika karatasi daftari la madeni ili wadai wasionekane.

Fundi anapotaka kuchomelea bodi kwa umeme, betri itenganishwe kwanza. Betri ya pikapu iliyokufa isibustiwe kutoka lori la volti 24, maana pikapu ni ya volti 12, na kompyuta yaweza kuungua kwa dakika moja. Injini isioshwe kwa mpira wa maji yenye kasi. Kompyuta moja iliyoungua yaweza kula akiba ya msimu mzima.

Tena kuna breki. Magari mengi ya sasa yana breki zinazozuia tairi kufunga, maarufu kwa jina la ABS. Dereva akikanyaga kwa nguvu penye utelezi, kanyagio hutetemeka mguuni. Huo si ubovu, ni kazi yake. Dereva aliyezoea kupampu breki aache. Akanyage kwa nguvu, asiachie, na aongoze usukani. Lakini asidanganyike kwamba kompyuta imeufuta mlima. Juu ya changarawe na mchanga, breki hizo zaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Kwa hiyo sheria ya wazee ya kuteremka Mgeta kwa gia ndogo ingali sheria.

GARI LINALOZUNGUMZA NA WALIO MBALI

Sasa nije kwenye jambo lililoniletea aibu, nalo ni kifaa cha kufuatilia gari.

Kifaa hicho ni kidogo kama pakiti ya majani ya chai. Ndani yake mna sehemu ya kupokea mawimbi ya setilaiti, mna laini ya simu, na mna kumbukumbu. Setilaiti zinamwezesha kujua kilipo kwa makosa ya mita chache. Nazo pia hukipa saa. Kila baada ya muda mfupi kifaa huandika mahali, mwendo, na kama injini inaunguruma, kisha hupeleka habari hizo kwa laini ya simu hadi kwenye kompyuta ya kampuni iliyokiuza, na katibu huzisoma katika simu yake. Mabondeni ambako simu haishiki, kifaa huweka habari kibindoni na kuzituma mtandao urudipo. Kwa hiyo msishangae lori likionekana limesimama Langali saa nzima na kisha likaruka ghafla hadi Mlali.

Katika nchi yetu jambo hili si geni tena. Mabasi ya abiria yaendayo mikoani yanafuatiliwa kwa vifaa vya namna hii chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Basi likivuka kilomita 80 kwa saa, wasimamizi wanaliona, hata kama njiani hapakuwa na askari. Mwaka 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri tena usiku baada ya katazo la miaka mingi, ufuatiliaji huo ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyotia watu moyo. Hiyo ni faida ya kweli, na wengi wetu tunaosafiri kutoka Msamvu tumeionja.

Vyama vyetu vimevutiwa navyo vimeanza kufunga vifaa hivyo katika malori na pikapu. Wanachama hufurahi wakisema, sasa dereva amepatikana. Nami nilikuwa mmoja wa waliofurahi.

KOSA LANGU

Chama chenyewe sitakitaja, wala kampuni iliyouza kifaa. Lori la chama hicho hupakia kabichi, karoti na viazi mlimani na kuteremka sokoni, mara mjini Morogoro katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, mara Dar es Salaam. Kilipofungwa kifaa, Bodi ilingoja mwezi mmoja kisha ikachapisha ripoti ya kwanza. Nilikuwa nimefika kwa ukaguzi wa kawaida, nami nikaonyeshwa.

Ripoti ilisema kwamba mara kumi na moja katika mwezi huo injini iliwashwa saa nane usiku na dakika zake, lori likaondoka. Saa nane usiku! Hakuna mzigo wa chama unaopakiwa saa hizo. Wajumbe walitazamana, na mmoja akalitamka lililokuwa mioyoni mwa wengi: anabeba mkaa. Dereva aliitwa. Ni mtu mzima, amelitumikia lori la chama miaka mingi. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Bwana Mkaguzi, saa nane usiku mimi huwa nimelala. Anayeweza kunishuhudia ni mke wangu." Mkutano ukaangua kicheko. Mimi nami nilitabasamu, na hadi leo lile tabasamu linanichoma.

Niliandika hoja katika taarifa yangu: dereva atoe maelezo ya safari za usiku. Maelezo hakuwa nayo, maana safari hazikuwapo. Bodi ikamsimamisha kazi bila mshahara na kumwajiri kijana kwa muda.

Wiki ya saba nilipigiwa simu na katibu wa chama hicho, mama mmoja mtaratibu ambaye kila stakabadhi huitoboa na kuichomeka kwenye msumari wake kwa tarehe. Aliniambia, "Ndugu Mkaguzi, naomba nikuulize jambo. Hata huyu kijana mpya naye anatoka saa nane usiku?" Nikamjibu kwamba huenda wamefundishana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo uutazame msumari wangu."

Nilikwenda. Alikuwa ameweka mezani stakabadhi za mafuta za miezi miwili, zile zinazotolewa na mashine ya kodi, ambazo kila moja ina tarehe na saa. Kando yake aliweka ripoti ya kifaa. Stakabadhi ya kwanza: mafuta yamenunuliwa saa 12 na dakika 12 asubuhi. Ripoti: siku hiyo lori lilisimama kwenye kituo hicho cha mafuta saa 9 na dakika 12 usiku. Stakabadhi ya pili: saa 12 na dakika 20. Ripoti: saa 9 na dakika 20. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Tofauti ilikuwa saa tatu kamili, bila kuzidi wala kupungua.

Ndugu zangu, setilaiti hazijui saa ya Tanzania. Kifaa hupokea saa ya dunia, ambayo haina tofauti na ile ya Greenwich kule Uingereza, nayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Aliyekifunga alipaswa kukiagiza kiongeze saa tatu. Hakuagiza. Lori liliondoka saa kumi na moja alfajiri, kama lilivyoondoka miaka yote, na ripoti ikaandika saa nane usiku. Kifaa hakikusema uongo. Kilisema kweli kwa saa ya kwingine, kama lile gari linalomwonyesha dereva mitaa ya Japani akiwa Sangasanga.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Ripoti ile ile ilisema kwamba jioni lori lilirudi na kuzimwa saa kumi. Wajumbe wote walijua kwamba lori hurudi saa moja ya usiku, maana wao wenyewe hulipokea kwa tochi na kuhesabu magunia matupu. Ushahidi wa kosa la saa ulikuwa katika ukurasa ule ule, mistari michache chini. Hatukuusoma. Tulisoma nusu ya daftari iliyokubaliana na shaka yetu, tukaifunga nusu ya pili. Mkaguzi anayefanya hivyo katika leja ya fedha hufukuzwa kazi.

Niliandika taarifa ya pili ya kuisahihisha ya kwanza, nikaisoma mwenyewe mbele ya mkutano. Bodi ililipa mishahara yote iliyozuiwa. Kisha nilikwenda nyumbani kwa dereva kumwomba radhi. Alinikaribisha uji, akasema maneno mafupi tu: kwamba fedha zimerudi, lakini wanawe walitaniwa shuleni kuwa ni watoto wa mwizi wa mkaa, na hilo Bodi haina hati ya kulilipia. Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo.

Amerudi kazini kwa sharti moja alilolitoa mwenyewe: kila Ijumaa aisome ripoti pamoja na katibu. Na hapo ndipo faida ya kifaa ilipoanza kuonekana. Katika kusoma pamoja waligundua kwamba sokoni lori hukaa likiunguruma muda mrefu huku likingoja zamu ya kushusha. Dereva alikuwa akiogopa kulizima kwa sababu betri ilikuwa dhaifu na Bodi ilikuwa imekataa kununua nyingine. Betri ikanunuliwa, injini ikazimwa, na matumizi ya dizeli yakapungua. Ripoti ile ile iliyomtia hatiani mtu asiye na kosa, iliposomwa vema, iliwafundisha wote wawili kazi.

UTARATIBU NINAOUPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, sikuleta kisa hiki ili vyama vivitupe vifaa hivi. Naomba vitunzwe kama tunavyotunza vitabu. Napendekeza mambo matano.

Kwanza, umiliki. Kabla ya kutia sahihi, mkataba useme wazi kwamba habari za gari ni mali ya chama, na kwamba chama kikihama kwa muuzaji mwingine kitapewa kumbukumbu zake zote. Akaunti iandikishwe kwa jina la chama, si kwa simu ya Mwenyekiti wala ya mwanawe. Neno la siri lijulikane na watu wawili walioteuliwa na Bodi, liandikwe katika makabidhiano kama funguo za sefu, na libadilishwe kila kiongozi anapoondoka. Nimekuta chama ambacho Mwenyekiti wake wa zamani, aliyeshindwa uchaguzi, bado alikuwa akilitazama lori la chama akiwa nyumbani kwake.

Pili, usalama wa mlango. Kila kifaa kinachopeleka habari nje ni mlango, na mlango hupitisha wa kuingia pia. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kulishika gari la Jeep Cherokee kwa njia ya mtandao wa simu, wakiwa mbali nalo, na kulipunguza nguvu likiwa barabara kuu. Walifanya hivyo kwa nia ya kuonya, na kampuni ikalazimika kutangaza kuyarekebisha magari milioni 1.4. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa kwetu vina uwezo wa kuzima injini kwa ujumbe wa simu, nao unasifiwa kuwa ni dawa ya wizi. Ulizeni: ni nani ana uwezo wa kuutuma ujumbe huo? Lori likizimwa katikati ya mteremko, hilo si dawa tena. Ulizeni pia kifaa kinatumia mtandao wa kizazi gani. Mwaka 2022 makampuni ya simu ya Marekani yalifunga mitambo ya kizazi cha tatu, na magari mengi yaliyokuwa mazima yakapoteza huduma ya kuita msaada kwa sababu laini zake zilikuwa za kizazi hicho.

Tatu, usuluhishi. Kama tunavyosuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki, hali kadhalika kila mwezi katibu aweke pamoja vitu vitatu: daftari la safari lililoandikwa na dereva, stakabadhi za mafuta, na ripoti ya kifaa. Vikubaliane kwa tarehe, kwa saa na kwa kilomita. Kilomita zikitofautiana kidogo si ajabu, maana kifaa huyumba kati ya milima, na tairi za saizi tofauti hubadili hesabu ya dashibodi. Zikitofautiana sana, iulizwe sababu kabla ya kumuuliza mtu. Na siku kifaa kinapofungwa, gari liwashwe mbele ya mashahidi wawili, saa iandikwe katika daftari, kisha itazamwe ripoti inasema saa ngapi. Kipimo hicho cha dakika tano kingeliniepusha na aibu yangu.

Nne, haki ya dereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa jambo hili, kwa kuwa habari za gari ni habari pia za mtu anayeliendesha. Dereva aambiwe kwamba kifaa kimefungwa, aelezwe kinaandika nini na kwa sababu gani, na apewe nafasi ya kuisoma ripoti kabla haijasomwa mkutanoni. Ripoti isitumike kumfuatilia siku zake za mapumziko, wala isigeuzwe mazungumzo ya kijiweni. Na hakuna mtu asimamishwe kazi kwa karatasi moja isiyolinganishwa na nyingine.

Tano, fundi na mashine yake. Taa ikiwaka, gari lipimwe kwanza, na alama iliyosomwa iandikwe katika ankara kabla ya kifaa chochote kununuliwa. Kifaa kikibadilishwa, kile cha zamani kirudishwe kwa katibu. Alama isifutwe kwa mashine bila kazi kufanyika. Ni wepesi kuifuta, na ugonjwa ukabaki. Msisahau pia kwamba kipimo cha kilomita cha magari ya sasa ni cha umeme na chaweza kurudishwa nyuma kwa mashine. Kwa hiyo mnunuapo mtumba, tazameni kanyagio, usukani na kiti kama vinalingana na kilomita zinazodaiwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie. Tangu ushirika uanze katika nchi yetu, vyama vingi vimeanguka kwa vitabu visivyoandikwa. Sasa tumefikia wakati ambapo mitambo inatuandikia, usiku na mchana, bila kuchoka. Yako mashaka mapya hapo: zamani tulikosa maandishi, kesho huenda tukawa nayo mengi, na tukakosa msomaji mwenye subira. Mama yule katibu hakuwa na elimu ya kompyuta. Alikuwa na msumari, stakabadhi zilizopangwa kwa tarehe, na moyo wa kuuliza swali la pili baada ya watu wote kuridhika na jibu la kwanza. Vyama vinunue vifaa vikiweza. Lakini kila chama kiwe na msumari kama wake, na mtu wa kuutazama.

Naomba sasa tuanze maswali, na kama kuna dereva miongoni mwetu, aulize yeye kwanza.